Ndege Kuukuu za Mafunzo na Daftari la Ubatizo



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunawaalika kutazama jambo ambalo laweza kuonekana liko mbali na altare na mbali na mashamba yetu ya mpunga. Wapo watu katika nchi nyingi, wengi wao mafundi na wastaafu, wanaotumia miaka mingi kufuatilia habari za ndege kuukuu za kijeshi: zile ndege ndogo za bawa juu ya bawa, za mbao na kitambaa, ambazo majeshi yalizitumia kufundishia marubani wachanga. Hawaulizi sana zilifanya nini vitani. Wanauliza: vita vilipokwisha, zilikwenda wapi? Nani alizinunua? Zilifanya kazi gani, na mwisho wake ulikuwa wapi? Tumeona kwamba swali hilo lina fundisho kwetu sisi tunaokaa Ipyana, na tungependa kulifuata hatua kwa hatua.

Mashuhuri kuliko zote ni ndege iitwayo Tiger Moth, ya kiwanda cha de Havilland cha Uingereza. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, na baadaye ziliundwa zaidi ya 8,000 katika Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na kwingineko. Ilikuwa chombo cha kawaida sana. Kiunzi chake cha chuma na mbao kilivikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Injini ilikuwa moja, ya nguvu za farasi 130. Viti vilikuwa viwili, vya wazi, kimoja nyuma ya kingine. Mkufunzi aliketi mbele na mwanafunzi nyuma, nao walizungumza kwa mrija, maana redio haikuwamo. Breki nazo hazikuwamo. Marubani husema kwamba ilikuwa rahisi kuirusha lakini vigumu kuirusha vizuri. Ndiyo maana ilifaa kwa kufundishia: kosa la mwanafunzi lilionekana mara moja, na mara nyingi ndege ilimsamehe.

Ndege hizo zilifika pia Afrika Mashariki. Mwezi Novemba 1939, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell jijini Dar es Salaam aliendesha gari hadi Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 1,000, ili ajiunge na jeshi la anga la Uingereza. Jina lake Roald Dahl, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama mwandishi wa hadithi za watoto. Alijifunza urubani katika Tiger Moth juu ya nyanda za Kenya, akaachiwa kuruka peke yake baada ya saa saba na dakika 40 tu za mafunzo. Miaka mingi baadaye aliandika katika kumbukumbu zake kwamba kati ya vijana 16 wa kundi lake la Nairobi, 13 waliuawa angani ndani ya miaka miwili. Huko kusini, Rhodesia ya Kusini ilifungua shule yake ya kwanza ya aina hiyo Belvedere, mjini Salisbury, ambao sasa ni Harare, mwezi Mei 1940. Vijana wengi walipitia huko katika ndege hizohizo kabla ya kupelekwa vitani.

Tukae kidogo na hesabu hiyo ya Nairobi. Ndege ya mafunzo haikubeba bomu wala bunduki. Ilikuwa darasa. Lakini lilikuwa darasa ambalo wahitimu wake walikwenda kuua na kufa, na wengi wao hawakufikisha umri wa miaka 25. Ndege zenyewe ziliishi kuliko wanafunzi wake.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi yalijikuta na maelfu ya ndege yasizozihitaji. Nyingine zilichomwa moto au kukatwakatwa. Nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo inapoanza historia ambayo wafuatiliaji wetu wanaipenda. Nchini New Zealand milima ilikuwa imechoka, nyasi za mifugo zimedhoofika, na hakuna trekta lililoweza kupanda miteremko ile. Kuanzia mwaka 1949 marubani, wengi wao waliotoka vitani, walinunua Tiger Moth kuukuu, wakaondoa kiti cha mbele alipokuwa akiketi mkufunzi, na mahali pake wakaweka kasha la mbolea. Kwa ndege hizo walipita chini chini juu ya vilima wakimwaga mbolea, na malisho yakarudi. Katika Marekani, ndege ya mafunzo iitwayo Stearman, ambayo nayo iliundwa zaidi ya 8,000, ilifanywa vivyo hivyo: maelfu ziliuzwa kwa raia, zikafungwa injini kubwa zaidi, zikawa za kunyunyizia dawa mashamba ya pamba na mpunga. Nasi wakulima wa mpunga wa Kyela, ambao watoto wetu hushinda shambani wakiwinga ndege wa manyoya, tunaweza kuelewa furaha ya mkulima aliyeona ndege wa vita amekuja kumsaidia.

Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Kazi ya kuruka chini chini ilikuwa ya hatari, na marubani kadhaa waliosalimika vitani walifia juu ya mashamba. Baadhi ya dawa walizonyunyiza, kama ile DDT, zilikuja kujulikana baadaye kuwa zinadhuru viumbe visivyokusudiwa. Jembe nalo lina makali yake.

Kwa upande wetu wa dunia, historia ilichukua sura nyingine. Nyanda zetu za juu ziliijua ndege mapema: tangu Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia yake hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo, kati ya Dodoma na Mpika, hadi njia hiyo ilipohamishiwa pwani mwaka 1937 kwa ndege zinazotua majini. Lakini ndege inayotuhusu zaidi ni ile iliyoitwa Dragon Rapide, nayo ya de Havilland, ya bawa juu ya bawa, yenye injini mbili na nafasi ya abiria wanane hivi. Iliruka mara ya kwanza mwezi Aprili 1934 ikiwa ndege ya abiria. Vita vilipokuja, jeshi liliichukua likaifanya darasa la kufundishia mabaharia wa anga na watumishi wa redio, likaipa jina Dominie. Waliosoma Kilatini watatambua asili ya neno hilo ni *dominus*, bwana. Nao Waskoti humwita hivyo mwalimu wa shule. Baada ya vita, Dominie kwa mamia zilivuliwa sare, zikarudishiwa viti vya abiria na jina lake la kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba tarehe 1 Januari 1946, shirika jipya la East African Airways lilipoanza kazi Nairobi, ndege zake za kwanza zilikuwa Rapide sita. Kwa hizo ndege ndogo za mbao na kitambaa nchi zetu za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunganishwa angani. Shirika hilo lilikua hadi kuwa na ndege za jeti, kisha likavunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo Air Tanzania ikazaliwa. Mwaka 1950 ndugu zetu Waprotestanti wa shirika la MAF, ambalo kazi yake barani Afrika ilitanguliwa na maofisa waliotoka jeshi la anga la Uingereza, walianza kuhudumia misheni za kusini mwa Sudan kwa ndege ya aina hiyohiyo ya Rapide. Walibeba wagonjwa, dawa na wamisionari mahali ambapo mvua ilifunga barabara kwa miezi.

Sisi Wakatoliki tunaye mfano uliotangulia. Padre Paul Schulte, Mwoblati wa Maria Imakulata, alikuwa rubani wa Ujerumani katika vita kuu ya kwanza. Rafiki yake, mmisionari Otto Fuhrmann, alifariki kwa malaria kaskazini mwa Namibia mwaka 1925, akiwa mbali na msaada wowote wa haraka. Mwaka 1927 Padre Schulte alianzisha shirika la MIVA ili kuwapatia wamisionari ndege, magari na boti, akautumia ujuzi alioupata vitani kwa kuwafikia wagonjwa. Mama Kanisa alikuwa ameshaanza kuwatazama watu wa anga: mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wao, na sikukuu yake tunaiadhimisha tarehe 10 Desemba.

Hapa msomaji atakuwa ameshamkumbuka nabii Isaya, ambaye katika sura yake ya pili anaiona siku mataifa yatakapogeuza silaha kuwa zana za shamba, na hakuna atakayejifunza vita tena. Tuangalie neno hilo la kujifunza. Nabii hasemi tu kwamba vita vitakoma. Anasema hata darasa lake litafungwa. Tiger Moth lilikuwa darasa la vita likageuzwa kuwa kikapu cha mbolea, na ni vigumu kupata mfano ulio karibu zaidi na maneno ya nabii.

Hata hivyo Maandiko Matakatifu yana sauti nyingine. Nabii Yoeli, katika sura yake ya mwisho, anayaita mataifa yafanye kinyume: yageuze majembe kuwa silaha. Na historia ya ndege hizi inathibitisha kwamba njia hiyo hupitwa pande zote mbili. Tiger Moth yenyewe ilitokana na Moth ya mwaka 1925, ndege ya raia ya kujifunzia na kutembelea. Shirika la Wilson Airways, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, lilibeba barua na abiria hadi vita vilipokuja na kulimaliza, ndege zake na marubani wake wakachukuliwa na jeshi. Huko Urusi, ndege ya mafunzo iliyoitwa U-2, baadaye Po-2, kazi ya Polikarpov, ilikuwa imeshatumika kunyunyizia mashamba kabla ya vita. Mwaka 1942 wasichana wa kikosi cha 588 waliipakia mabomu, wakawa wanashambulia usiku, wakizima injini na kushuka kimyakimya, hata Wajerumani wakawaita wachawi wa usiku. Vita vilipokwisha, ndege zilezile zikarudi shambani.

Wala hatuhitaji kwenda Urusi. Ziwa letu Nyasa lina ushuhuda wake. Meli Hermann von Wissmann iliundwa kwa michango iliyokusanywa Ujerumani ili kupambana na biashara ya watumwa. Hiyo ndiyo iliyokuja kushambuliwa katika tukio linalohesabiwa kuwa la kwanza la vita majini katika vita kuu ya kwanza: tarehe 13 Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, meli ya Waingereza Guendolen iliipiga mizinga. Kapteni wake, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita, na aliyempiga, Kapteni Rhoades, alikuwa rafiki yake wa siku zote. Chombo hakichagui. Wanaochagua ni watu, na uchaguzi huo hurudiwa na kila kizazi.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike. Watu hawa wanaofuatilia ndege kuukuu hufanyaje kazi yao? Kila ndege ilipewa namba kiwandani, na namba hiyo ilibandikwa kwenye kibao kidogo cha chuma. Jeshi liliipa namba nyingine, na uraiani ikapata herufi za usajili. Kila ndege ina daftari: saa ilizoruka, bawa lililobadilishwa, ajali, mmiliki mpya, nchi mpya. Mfuatiliaji huanza na kibao hicho, akafuata daftari hadi daftari, akapekua kumbukumbu za mahakama na bandari, akahoji wazee. Mara nyingine hukuta mabaki tu ghalani: mbavu chache za bawa zilizoliwa na mchwa, na kile kibao. Kutokana na hayo hujenga upya ndege nzima, ikaruka. Mwishoni mwa mwaka 2016 msafara wa ndege za kale, zikiwamo Stearman na Tiger Moth, uliondoka kisiwa cha Krete ukavuka Afrika nzima hadi Rasi ya Tumaini Jema, ukipita Kenya na nchi yetu ya Tanzania. Wazee wa miaka 80 walikuwa wanaruka tena, kwa sababu mtu fulani alitunza daftari.

Sisi hatuwalaumu kwa bidii hiyo. Ni adabu njema kukitunza kilichotumika. Lakini bidii hiyo inatuhukumu. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaingia nchi ya Wanyakyusa hadi Tukuyu. Kila jeshi, la Waingereza na la Wajerumani, lilitembea kwa mabega ya wapagazi. Katika vita vile vya Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, homa na uchovu wapagazi wasiopungua 95,000 wa upande wa Waingereza peke yao. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu yao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa jijini humo mwaka 1927 inawasifu wote kwa pamoja, bila kumtaja mtu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo.

Tuliweke jambo hili wazi. Twaweza kujua Tiger Moth fulani ilibadilishwa propela mwaka gani, na hatujui mpagazi aliyevuka mto Songwe na mzigo kichwani alizaliwa kwa nani na alizikwa wapi. Vita vya pili navyo viliwachukua makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika, wengine wakafika hadi Burma. Waliporudi walipewa kiinua mgongo kilichopimwa kwa rangi ya ngozi: Mwafrika alipata sehemu ndogo tu ya alichopata Mzungu. Wengi walirudi kwenye jembe lao kimyakimya, na maisha yao ya baadaye hayakuandikwa na mtu. Ndege ilifuatwa hadi mwisho, mtu akaachwa njiani.

Kanisa lina daftari lake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaagiza kila parokia itunze daftari la ubatizo, na kwamba pembeni mwa jina la mbatizwa yaandikwe yatakayomfuata: kipaimara chake, ndoa yake, daraja takatifu, nadhiri za daima. Wengi mnaijua kadhia hii kwa sababu mmewahi kuja ofisini kuomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa, mkaudhika padre alipoandika barua kwenda parokia ya mbali kuulizia. Tunaomba msiudhike. Ukingo ule mwembamba wa ukurasa ndipo Kanisa linapomfuata mtu. Linakataa kusema kwamba mtu ni lile alilokuwa siku moja tu. Mtoto aliyebatizwa aweza kuwa askari, askari aweza kuwa mkulima, mkulima aweza kuwa katekista. Ukingo wa ukurasa una nafasi. Na daftari la Bwana, lile ambalo Yohane analiona katika Ufunuo, lina ukingo mpana kuliko wetu.

Kwa hiyo tunatoa ombi moja kwa jumuiya ndogondogo zote. Kila familia imkalishe mzee wake na kumuuliza majina: nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo, nani alikwenda vita vya pili, nani alivuka Kagera mwaka 1979, alirudi au hakurudi, na kama alirudi alifanya kazi gani, alimwoa nani, alizikwa wapi. Andikeni katika daftari la shule kwa kalamu ya wino. Hata jina moja bila mwaka linatosha kuanzia, kama vile kibao kimoja cha chuma humtosha mfuatiliaji wa ndege. Leteni parokiani. Mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu wote, tutayasoma majina hayo mbele ya altare, pasipo kuuliza kama alikuwa wa upande wa Mjerumani au wa Mwingereza, wala kama alikuwa Mkatoliki, Mmoravian au mfuasi wa dini ya wazee wetu. Fanyeni haraka, maana wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua kila msimu wa mavuno.

Ipyana kwa lugha ya hapa ni neema. Neema haibadilishi yaliyokwisha kutendeka. Humfungulia mtu ukurasa wa pili. Kama kitambaa na mbao vya kufundishia vita viliweza kupewa kazi ya kurutubisha malisho, basi hakuna mwenzetu, awe aliyetoka gerezani, aliyetoka jeshini, au aliyetoka katika ugomvi mrefu wa shamba na ndugu yake, ambaye tuna haki ya kumfungia daftari.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu Mwenyezi awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.